Ithibati ya kocha wa riadha: mwongozo kamili kwa makocha wa Nyanda za Juu Kusini

Kocha asiye na kadi ya ithibati shingoni hutazama mashindano akiwa jukwaani, sawa na yeyote aliyekuja kushangilia. Haingii uwanja wa kupashia misuli moto. Haruhusiwi kumfuata mwamuzi mkuu pale mruko halali wa mwanariadha wake unapoinuliwa bendera nyekundu. Mtoto aliyemlea tangu darasa la sita akiitwa kupimwa dawa za kusisimua misuli, yeye anabaki nje ya mlango.

Huku kwetu hasara hiyo ni kubwa zaidi. Mbeya mjini iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe na Makete ziko juu zaidi, na kijana anayekimbia kila asubuhi kwenye baridi ya Juni ana mapafu ambayo wa pwani anayatamani. Tangu Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni Tokyo mwezi Septemba 2025, ya kwanza kwa Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha, wazazi wanauliza wenyewe mtoto aanzie wapi. Makocha tunao, vipaji tunavyo. Kinachotuangusha mara nyingi ni karatasi, kwa sababu maamuzi ya mchezo hufanyika Dar es Salaam na Dodoma, na kosa lililofanyika Iringa halirekebishwi kwa kuvuka barabara. Mwongozo huu unamlenga kocha wa shule, wa klabu ndogo au wa kijana mmoja mwenye kipaji, anayetaka jina lake liwe kwenye orodha kabla basi halijaondoka.

Kwanza tenganisha vitu viwili

Cheti cha ukocha kinasema umefundishwa. Ithibati inasema wewe ni sehemu ya timu fulani, katika mashindano fulani, kwa siku zilizotajwa, na unaruhusiwa kuingia maeneo yaliyoandikwa kwenye kadi. Wapo wenye vyeti vizuri wanaorudishwa getini kwa sababu hakuna aliyepeleka majina yao, na wapo viongozi wasiojua hata urefu wa kijiti cha kupokezana wanaopita wakitabasamu kwa sababu majina yao yalifika mapema. Ukilielewa hilo, hutapoteza muda kubishana na mlinzi wa geti. Yeye anaangalia kadi tu. Uamuzi ulishafanyika wiki kadhaa nyuma, mezani kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo swali la kuanza nalo ni hili: jina langu linapita mikononi mwa nani?

Njia ya jina

Kwa mashindano ya shule, yaani UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, njia ni ya serikali. Mkuu wa shule anakupendekeza, halmashauri inakupitisha kupitia afisa michezo na ofisi ya elimu, kisha mkoa unachagua benchi la timu yake. Hapa chama cha riadha kinasaidia kiufundi, lakini barua inayokubeba ni ya mwajiri na ya mkoa.

Kwa mashindano ya klabu na ya taifa, njia ni ya chama. Klabu inapeleka jina kwa chama cha riadha cha wilaya au mkoa, mkoa unapeleka kwa Riadha Tanzania, chama cha taifa cha mchezo huu, nayo ndiyo inayozungumza na mwandaaji. Mashindano yakiwa ya kimataifa, hakuna kocha anayejiombea mwenyewe. World Athletics, yaani shirikisho la riadha la dunia, na shirikisho la Afrika hupokea majina kutoka chama cha taifa. Olimpiki na Jumuiya ya Madola hupitia Kamati ya Olimpiki Tanzania.

Juu ya yote yuko Baraza la Michezo la Taifa, BMT, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Vyama na vilabu husajiliwa kwa Msajili aliye chini ya Baraza hilo. Kama klabu yako ni ya mdomo tu, haina katiba wala cheti cha usajili, uko kwenye njia isiyo na mlango. Nenda kwa afisa michezo wa halmashauri yako, iwe Rungwe, Mufindi, Mbozi au Makete, umuulize taratibu za usajili na fomu zake. Usimsubiri hadi siku ya mashindano. Afisa michezo anayekujua kwa sura na kwa kazi ni nusu ya ithibati yako, na sisemi hivi kwa maana ya kujuana kubaya: nasema mtu aliyewahi kuona vijana wako wakifanya mazoezi husaini barua yako bila kusita.

Faili

Hapa ndipo pa kutumia muda. Nunua faili la plastiki lenye mifuko ndani, lile la kufunga kwa kifungo, kwa sababu litanyeshewa Tukuyu na litajaa vumbi Ruaha. Weka ndani yake:

- nakala za kitambulisho chako cha Taifa na cheti cha kuzaliwa;
- vyeti vya ukocha, huduma ya kwanza, elimu dhidi ya dawa na ulinzi wa watoto;
- barua ya klabu au mkuu wa shule inayokutambulisha, yenye tarehe ya mwaka huu;
- kibali cha mwajiri, kama umeajiriwa;
- picha ndogo za pasipoti saizi, angalau sita, zilizopigwa karibuni;
- kwa kila mwanariadha: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha shule au cha Taifa, ridhaa ya mzazi kwa aliye chini ya miaka 18, na kadi ya bima ya afya kama anayo.

Nakala zote zithibitishwe na wakili au hakimu, zigongwe muhuri. Halisi zibaki nyumbani, isipokuwa pale meza ya usajili inapotaka kuziona.

Sasa fungua faili lenyewe na usome kila karatasi kidole kikiwa juu ya jina. Majina ya kwetu yanayoanza na Mwa- yanaumia sana mikononi mwa makarani. Herufi moja inayobadilika mwishoni, au jina la babu lililowekwa mahali pa jina la baba, linatosha kumfanya mwanariadha aonekane watu wawili: mmoja wa cheti cha kuzaliwa, mwingine wa kitambulisho cha Taifa (NIDA). Mpangilio nao una shida. Cheti kina majina matatu, kitambulisho cha shule kina mawili, na orodha ya timu imeanza na la ukoo. Chagua mpangilio mmoja, ule wa kitambulisho cha Taifa au wa pasi ya kusafiria kama ipo, na uandike hivyo hivyo kwenye kila fomu. Panapotofautiana tarehe au jina, hati ya kiapo itafutwe sasa, wakati hakuna anayekuharakisha. Cheti cha kuzaliwa kikikosekana, RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, ina huduma zake kupitia ofisi za wilaya, na mzazi ndiye wa kutumwa huko mapema.

Umri unahitaji uangalifu wa pekee. Katika kanuni za World Athletics, mwanariadha wa kundi la chini ya miaka 20 ni yule anayetimiza 18 au 19 kufikia tarehe 31 Desemba ya mwaka wa mashindano. Wa chini ya 18 ni anayetimiza 16 au 17. Hesabu hufanywa kwa tarehe hiyo ya mwisho wa mwaka, na siku ya mbio haihusiki. Kocha anayejua hivi hampotezi kijana aliyezaliwa Novemba. Kuhusu vijeba na mamluki sitazunguka: kumpeleka kijana wa miaka 21 akimbie na watoto ni kuwaibia watoto, na kocha aliyesaini fomu hiyo ameweka sahihi yake kwenye uongo. Akibainika, wa kwanza kupoteza uaminifu mkoani ni yeye, na mwaka unaofuata jina lake likifika mezani litawekwa pembeni hata kama safari hii kila kitu ni halali.

Mafunzo yanayohesabika

Cheti cha kwanza cha kutafuta ni kozi ya ngazi ya awali inayotambuliwa na World Athletics, inayoendeshwa nchini kupitia Riadha Tanzania. Nafasi huwa chache na matangazo husambaa kwenye makundi ya simu ya viongozi wa mikoa, kwa hiyo katibu wa chama cha mkoa awe na namba yako. Njia nyingine ni Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kule Kwimba mkoani Mwanza, kinachotoa mafunzo ya ukocha na uongozi wa michezo. Ni mbali na Mbeya, ndiyo, lakini mwalimu aliyepita Malya anaheshimika katika halmashauri yoyote.

Huduma ya kwanza jifunze Msalaba Mwekundu. Wana matawi mikoani. Cheti chake hakidaiwi kila mahali, lakini mimi siwezi kumwamini kocha anayepeleka watoto kukimbia mita 5,000 saa saba mchana bila kujua dalili za joto kupita kiasi.

Watoto na imani ya wazazi

Dunia ya michezo imekaza kamba hapa, na kwa haki. Angalia Marekani kwenye kuteleza kwa barafu, mchezo ambao makocha wake hukaa na wasichana wadogo saa nyingi kwa siku. Huko kocha hapewi kadi ya mashindano kwa ustadi peke yake. Sharti awe mwanachama wa chama cha taifa cha mchezo huo, apite uchunguzi wa rekodi za jinai, amalize mafunzo ya kuzuia unyanyasaji, aendelee na elimu ya ukocha na awe na bima ya dhima. Kituo cha SafeSport, kinachoshughulikia unyanyasaji michezoni huko, kilianza kazi 2017, wakati kashfa ya daktari wa timu ya jimnastiki ya Marekani, Larry Nassar, aliyewadhulumu wasichana kwa miaka mingi, ilipokuwa inafichuka. Kwenye riadha, World Athletics nayo ina sera ya ulinzi inayowagusa makocha.

Kwetu, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo hata yule bingwa wako wa kidato cha nne, mrefu kukuzidi, bado ni mtoto kisheria. Kabla hujaomba ithibati, mambo haya yawe yamekaa sawa:

Ridhaa ya mzazi iwe ya maandishi, itaje safari, tarehe, mahali pa kulala na jina la mtu mzima anayewajibika. Timu yenye wasichana iwe na matroni, mwanamke anayelala jengo moja na wasichana na mwenye kadi yake mwenyewe. Matroni asiyeingia uwanja wa mazoezi amebaki kuwa mpishi tu. Kocha hakai peke yake chumbani na mtoto mlango ukiwa umefungwa. Kuchua misuli kunafanyika mahali panapoonekana. Ujumbe wa usiku kwa mtoto mmoja mmoja usiwepo, tumia kundi ambalo mzazi yumo. Na watoto waijue namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo ni bure.

Ningeshauri pia uombe cheti cha tabia njema kutoka Polisi, kinachotolewa baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Mashindano mengi ya ndani hayakidai. Lakini mzazi wa Ilula au Kyela anayemkabidhi binti yake kwa safari ya siku tano ana haki ya kukiona.

Jambo dogo lenye uzito: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kufanya kazi. Picha za vyeti vya watoto zisirushwe hovyo kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili ili katibu mmoja azione. Mtumie katibu mwenyewe.

Dawa: sehemu ambayo kocha naye ni mhusika

Kanuni ya dunia dhidi ya dawa michezoni haimwachi kocha nje. Kocha aliyefungiwa haruhusiwi kufanya kazi na mwanariadha, na mwanariadha anayeendelea naye anajitia hatiani mwenyewe. Kwa hiyo waandaaji wengi wa kimataifa hutaka ushahidi kwamba umepata elimu hii. WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, ina jukwaa la mafunzo mtandaoni liitwalo ADEL, ni bure, lina kozi ya makocha, na ukimaliza unapata cheti cha kuchapisha. Fanya kwa simu hata ukiwa Mafinga. Chukua picha ya cheti, kitie kwenye faili.

Usiishie kwenye cheti. Orodha ya vitu vilivyokatazwa hubadilika kila tarehe 1 Januari, na mabadiliko ya karibuni yanagusa maduka yetu ya dawa moja kwa moja. Tramadoli, inayouzwa na kunywewa kiholela kwa maumivu, imekatazwa wakati wa mashindano tangu 2024. Sindano za jamii ya steroidi kama deksamethasoni, ambazo mtu huchomwa goti likivimba au mgongo ukikaza, zimekatazwa wakati wa mashindano kwa njia zote za sindano tangu 2022. Kijana anaweza kuchomwa Jumatano kwenye duka la mtaani kwa nia njema kabisa, akapimwa Jumamosi, na miaka yake ikaishia hapo. Mwambie kila mwanariadha wako: kabla ya kidonge au sindano yoyote, nipigie. Dawa za mizizi na unga wa kuongeza nguvu usio na orodha kamili ya viungo visiguswe.

Kupanga tarehe kwa kurudi nyuma

Chukua siku ya mashindano, hesabu kurudi nyuma. Hivi ndivyo ningepanga kwa mashindano ya taifa.

Miezi mitatu kabla, faili limekamilika na jina lako liko kwa katibu wa mkoa kwa barua, nakala yako ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri wa mapokezi haikufika. Ndivyo ofisi zinavyofanya kazi.

Miezi miwili kabla, mtumishi wa umma anaomba kibali cha kutoka kituo cha kazi. Kwa mwalimu wa halmashauri barua inapita kwa mkuu wa shule kwenda kwa mkurugenzi. Taja tarehe za kwenda na kurudi na nani anagharamia, maana swali la posho ndilo linalokwamisha barua nyingi.

Mwezi mmoja kabla, uliza kwa simu kama majina yamekwenda, na uombe kuonyeshwa orodha kama ilivyotumwa. Usiridhike na "tumeshatuma". Iangalie: jina lako limeandikwaje, cheo chako ni kocha au umewekwa kama dereva, wanariadha wako wameingizwa kwenye michezo ipi. Kosa likionekana sasa linafutika. Likionekana uwanjani linakuwa malalamiko.

Wiki moja kabla, thibitisha meza ya kadi inafunguliwa na kufungwa saa ngapi. Kisha panga safari kwa saa hiyo. Ukitoka Mbeya kwa basi kwenda Dar es Salaam unapita Kitonga, na lori likilala pale mlimani hakuna anayejua utatoka lini. Meza ikifungwa saa kumi jioni ya Ijumaa, wewe uwe umefika Alhamisi. Timu nyingi za huku hufika usiku wa manane, watoto wamechoka, kocha hana kadi, na asubuhi mita 100 zinaanza saa mbili.

Mezani

Fika na faili, kitambulisho halisi na kalamu yako. Karani atatafuta jina, atalinganisha sura na picha, atakupa kadi na labda kamba yake. Usiondoke hapo. Simama pembeni uisome kadi pole pole: jina, picha, cheo, mkoa au nchi, halafu alama za maeneo. Kila mwandaaji ana mtindo wake, wengine hutumia herufi, wengine namba, wengine rangi. Alama hizo ndizo zinazoamua kama unaingia uwanja wa kupashia misuli, eneo la makocha kando ya mchezo, chumba cha kupimia dawa, au jukwaa pekee. Ukikuta kadi yako haina uwanja wa mazoezi, sema pale pale, kwa upole, ukionyesha barua ya timu. Karani hana mamlaka ya kila kitu, lakini anajua msimamizi wake amekaa wapi, na saa hiyo foleni bado ni fupi.

Kadi haiazimwi. Kumvalisha rafiki ili aingie "dakika mbili tu" kunaweza kukunyang'anya kadi kwa mashindano yote, na hapo wanaobaki yatima ni wanariadha.

Kuanzia hapo kuna mkutano wa kiufundi. Kocha au kiongozi wa timu ahudhurie, aandike mabadiliko ya ratiba, muda wa kuthibitisha washiriki na muda wa kufika chumba cha wito. Katika chumba hicho mwanariadha hukaguliwa namba ya kifuani, sare, viatu na vitu alivyobeba; simu na vifaa vya muziki haviingii uwanjani. Kwa kawaida kocha haingii naye, kwa hiyo ukaguzi wa kweli ufanye wewe kabla. Soli ya kiatu kwenye michezo ya uwanjani isizidi milimita 20, na barabarani milimita 40, kwa kanuni za World Athletics zinazotumika tangu Novemba 2024. Vijana wengi hununua viatu vya mtumba vyenye soli nene. Vinafaa mazoezi ya barabara ya Uyole, uwanjani vitawaponza. Misumari ya kiatu isizidi 11 wala urefu wa milimita 9, isipokuwa kuruka juu na kurusha mkuki ambako urefu wa milimita 12 unakubalika.

Ukiwa umekaa kwenye viti vya makocha, kuzungumza na mwanariadha wako katikati ya miruko kunaruhusiwa mradi wewe hujaingia eneo la mashindano. Unaweza hata kumwonyesha mruko uliourekodi kwa simu yako, lakini simu ibaki mkononi mwako. Usimpe. Usiruke uzio kumpa maji. Usikimbie kando ya wimbo ukimhesabia muda. Msaada usiokubalika humletea mwanariadha onyo, na ukirudiwa anaondolewa kwenye mchezo huo, ilhali kosa ni la kocha.

Dakika thelathini

Hapa ndipo kadi inapolipa gharama zake zote. Malalamiko kuhusu matokeo hupelekwa ndani ya dakika 30 tangu matokeo rasmi yatangazwe. Kwanza kwa mdomo, kwa mwamuzi mkuu, na anaweza kuyatoa mwanariadha mwenyewe, mtu kwa niaba yake au kiongozi wa timu. Mwamuzi akiyakataa, unakata rufaa kwa jopo la rufaa kwa maandishi, yenye sahihi, pamoja na amana ya dola 100 za Marekani au thamani yake. Rufaa nayo ina dakika 30. Amana hurudishwa ukishinda.

Kwa miruko na mitupo kuna jambo ambalo makocha wengi hawalijui. Bendera nyekundu ikiinuliwa na mwanariadha anaamini mruko ulikuwa halali, apinge hapo hapo kwa mdomo. Mwamuzi mkuu akiona shaka, anaweza kuagiza mruko upimwe na kipimo kitunzwe hadi uamuzi utolewe. Akikaa kimya, mchanga unasawazishwa, na baada ya hapo hakuna cha kupima. Mfundishe kijana wako sentensi yenyewe: "Napinga, naomba upimwe." Aifanyie mazoezi kama anavyofanyia mazoezi namna ya kuanza mbio. Mtoto wa kijijini aliyelelewa kutobishana na mkubwa hataisema siku ya fainali kama hajawahi kuisema Jumanne.

Dakika nyingine zinazomhitaji kocha ni za kupimwa dawa. Mwanariadha akishataarifiwa, haachwi peke yake mpaka sampuli itoke, na sampuli ya mkojo ni angalau mililita 90. Ana haki ya kuwa na mwakilishi, na aliye chini ya miaka 18 asiachwe bila mtu mzima wake. Hakikisha anakunywa kwenye chupa iliyofungwa, anachagua vifaa mwenyewe, anasoma namba kwenye chupa na kwenye fomu kama zinafanana, na anataja dawa zote alizotumia siku za karibuni. Yote hayo wewe uyaangalie kwa macho yako ukiwa ndani.

Mbio za barabarani

Kwenye Tulia Marathon pale Mbeya au Great Ruaha Marathon kule Iringa, washiriki ni maelfu ya watu wa kawaida na kadi ya kocha si jambo kubwa. Ulizia mapema kama kuna utaratibu kwa makocha wa wakimbiaji wa mbele, hasa meza za vinywaji. Anayempa mkimbiaji chupa asiingie njiani wala kukimbia naye. Kumtangulia mwanariadha wako kwa baiskeli au bodaboda ili umvutie kasi ni msaada uliokatazwa, hata kama barabara ni tupu na askari wa usalama barabarani ni rafiki yako.

Ukienda nje ya nchi

Pasi ya kusafiria iwe na uhai wa miezi sita zaidi ya tarehe ya kurudi, kwani nchi nyingi zinadai hivyo. Pasi ya kawaida ya kielektroniki ya Tanzania hugharimu shilingi 150,000 na huanza kuombwa kwenye tovuti ya Uhamiaji, kisha unapeleka fomu na kuchukuliwa alama za vidole ofisini. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe pamoja nayo. Timu inahitaji kibali cha BMT, na mtumishi wa umma kibali cha safari ya nje, ambacho hupita ngazi nyingi kuliko kile cha ndani, kwa hiyo kianze mapema kuliko kitu kingine chochote.

Nafasi za makocha hutegemea idadi ya wanariadha waliofuzu, na timu ndogo hupata chache. Ndiyo maana kocha aliyemlea bingwa hadi kilele anaweza kubaki nyumbani na nafasi ikaenda kwa kocha wa timu ya taifa. Inauma. Kinachosaidia ni mwanariadha mwenyewe kuandika barua mapema kwa chama akimtaja kocha wake binafsi, na wewe kuwa na faili lisilo na pengo. Kwenye Olimpiki, kadi ya utambulisho na ithibati pamoja na pasi humruhusu mhusika kuingia nchi mwenyeji, kwa hiyo taarifa zake lazima zifanane na pasi herufi kwa herufi.

Ukikataliwa

Omba sababu kwa maandishi, bila kelele. Sababu ikiwa karatasi, ilete. Ikiwa ni nafasi kujaa, omba ruhusa ya siku moja au ya mafunzo tu, ambayo waandaaji wengine hutoa. Ikiwa jina halikutumwa, kiongozi wa timu ndiye wa kuzungumza na mwandaaji, maana wewe mbele ya mwandaaji bado hujulikani. Wakati hayo yanaendelea, mkabidhi mwanariadha kwa kocha mwingine wa mkoa mwenye kadi, kwa karatasi: muda wa kupasha misuli, mpangilio wa miruko, dawa anazotumia, namba ya mzazi. Timu za Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe zikae pamoja kwa hili kabla ya mashindano, kila moja ijue nani ana kadi ya eneo gani.

Mashindano yakiisha, andika ripoti ya ukurasa mmoja kwa afisa michezo na katibu wa chama: nani alishiriki, alipata nini, nani aliumia, fedha zilitumikaje, kilichokwamisha ithibati ni kipi. Ambatanisha nakala ya kadi yako. Kadi yenyewe irudi kwenye faili, mfuko wa mbele, pamoja na matokeo rasmi yaliyochapishwa, kwa sababu fomu ya mwaka ujao ina sehemu inayouliza mashindano uliyowahi kuhudumia.